Mwenye Kiambaza na Mwenye Kiwanja

Kuna swali ambalo mwanasheria hulijibu upesi na mwenye hekima hulijibu polepole. Mtu aliyehamia katika mji wa watu wengine, akachimba mashimo, akasimamisha nguzo, akafunga fito na kukandika udongo, akaishi humo hata wajukuu wake wakazaliwa chini ya paa lile: ana haki gani juu ya mahali pale? Mwanasheria atauliza hati iko wapi. Ikiwa hati haipo, neno lake limekwisha. Lakini dhamiri haitosheki na jibu hilo, kwa kuwa yajua kwamba hati huandikwa kwa siku moja, na maskani hufanywa kwa maisha mazima.

Sitaki kulizungumza swali hili hewani. Maneno ya haki yakizungumzwa hewani hukubaliwa na kila mtu, wala hayamfai mtu ye yote. Nitalishusha chini, katika mahali panapojulikana na wasomaji wengi: Ng'ambo ya Unguja.

Mji wa mawe wa Unguja ulikuwa zamani karibu kisiwa. Upande wa mashariki ulitengwa na nchi kwa mkono wa bahari uliojaa na kupwa, na watu waliovuka maji yale kwenda kukaa upande wa pili walisemwa wanakaa ng'ambo. Maji hayo hayapo tena. Yalifukiwa kidogo kidogo hata pakawa barabara na uwanja. Yamebaki majina mawili ya kuyashuhudia, Darajani pasipo daraja, na Ng'ambo pasipo maji ya kuvuka. Mtoto wa leo hupita kutoka upande mmoja hata wa pili bila ya kulowa unyayo. Ila mpaka uliokuwa katika maji ulihamia katika fikira za watu, na humo haukufukiwa kwa wepesi kama ule.

Nani walikaa Ng'ambo? Walikaa watu wa kazi. Walikuwako watumwa na wale walioachwa huru. Wakaongezeka sana baada ya mwaka 1897, utumwa ulipoondolewa katika sheria za Unguja, kwa kuwa wengi waliokuwa katika mashamba ya karafuu waliiacha minazi na mikarafuu ya mabwana zao wakaja mjini kutafuta riziki. Walikuwako wachukuzi, mabaharia, mafundi, wauza samaki, na wanawake waliofua nguo za wengine. Walikuwako Wangazija, na watu wa bara waliokuja kwa hiari yao. Hawa wote walikuwa wageni. Lakini hapa yatupasa kusimama kidogo, kwani neno hili 'wageni' lina hila ndani yake.

Mji wa mawe nao ulijengwa na nani? Sultani Said bin Sultan alitoka Omani, akafanya Unguja kuwa makao yake katika muda wa miaka ya 1830 hata 1840. Wafanyabiashara wa Kihindi walitoka Kachi na Gujarati. Walileta milango ya nakshi, varanda za mbao na maduka yaliyofunguka barabarani. Ni watu waliovuka bahari kubwa kuliko ile ya Darajani. Hata hivyo mji wao waitwa Mji Mkongwe, na mwaka 2000 uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Na Ng'ambo, ambayo kwa muda mrefu imekuwa maskani ya watu wengi zaidi kuliko mji wa mawe, ilikaa nje ya mpaka wa heshima hiyo. Siuonei wivu urithi wa mtu. Nasema tu kwamba wote walikuwa wahamiaji, wa huku na wa kule. Mmoja alikuja na mali, akaitwa mwanzilishi; mwingine aliletwa na kamba shingoni, akaitwa mkaaji wa vibanda. Tofauti yao haikuwa katika kuja. Ilikuwa katika namna ya kuja, na katika kitu walichoweza kukiweka ukutani walipofika.

Sasa tuitazame nyumba yenyewe. Watawala waliandika 'kibanda', na neno hilo limewadanganya wengi. Nyumba ya Ng'ambo ilijengwa kwa boriti na fito, ikajazwa udongo na mawe madogo, ikapakwa chokaa kwa aliyejiweza, ikaezekwa makuti, na baadaye madebe yaliyokunjuliwa au mabati. Vitu hivi ni hafifu, sikatai. Lakini nyumba ina mambo mawili, ina kiwiliwili na ina mpango, na mpango wa nyumba hii haukuwa hafifu hata kidogo. Mbele palikuwa na baraza. Katikati ulipita ukumbi, vyumba vikiwa kuume na kushoto. Na nyuma palikuwa na uwa, penye jiko na choo na pahala pa wanawake kufanya kazi zao kwa sitara. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, na vyumba vingine alipangisha. Mtu aliyefika leo kutoka bara, hana ndugu wala anayemjua, alipata chumba kimoja. Akapika katika uwa mmoja na wenzake, akachota maji katika kisima kimoja, akajifunza lugha ya watu na adabu yao kwa kuishi nao. Baada ya miaka huenda naye akachimba mashimo yake na kusimamisha nguzo zake mahali pengine. Nyumba hii ilikuwa chuo cha kumfanya mgeni awe jirani, na sijui serikali iliyowahi kufungua chuo cha namna hiyo kikafanya kazi vizuri zaidi kwa gharama ndogo kama ile.

Baraza ndiyo sehemu ninayoona ina maana kubwa kuliko zote. Si ndani wala si nje. Apitaye hutoa salamu akakaa, na hakuna atakayemwuliza ana haki gani ya kukaa. Mtumwa katika nyumba ya bwana alikaa chini, karibu na mlango, au hakukaa kabisa. Aliyekuwa mtumwa alipojenga nyumba yake Ng'ambo, akaifanyia baraza, akakaa juu yake jioni na kanzu yake safi, akasalimiwa na wapitao, alikuwa amefanya jambo lisiloandikwa katika cheti cho chote cha uhuru. Alikuwa amegeuka kuwa mtu wa kusalimiwa kwake. Tena alichukua umbo la baraza kutoka mji ule ule wa mawe uliomdharau. Wapo wanaosema kwamba kuiga ni udhaifu. Nionavyo mimi, mtu aliyenyimwa kitu akakitengeneza mwenyewe kwa udongo, hakuiga, alidai.

Na mitaa yao waliipa majina. Mingi ya majina hayo ni ya miti na visima: Miembeni, Mwembetanga, Kikwajuni, Kisimamajongoo. Mwenye ardhi aliijua kwa mipaka na hati. Aliyekaa juu yake aliijua kwa mwembe aliopumzika chini yake na kisima alichochota. Hizi ni namna mbili za kuijua nchi moja, na mgogoro wetu wote umo humo.

Katika pwani yetu kulikuwa na desturi iliyojaribu kuzipatanisha namna hizi mbili. Sheria ya Kiingereza yasema kwamba kilichokazwa katika ardhi ni cha mwenye ardhi. Ukijenga nyumba katika kiwanja changu, umenijengea mimi. Desturi ya pwani haikusema hivyo. Mtu aliweza kuwa na minazi katika shamba ambalo ardhi yake ni ya mwingine, akairithisha na kuiuza. Vile vile aliweza kuwa na nyumba bila ardhi, akilipa kodi ya kiwanja. Mombasa, katika Majengo na kwingineko, maelfu ya watu wameishi kwa desturi hii, na mahakama za Kenya ziliitambua. Ni desturi ya busara. Yakubali kwamba jasho ni mali, hata likimwagika juu ya mchanga wa mtu mwingine.

Lakini ina ufa. Mwenye kiwanja hapendi nyumba ya mawe ijengwe juu ya ardhi yake, kwa sababu nyumba ya mawe haiondoki. Ya udongo yaweza kuvunjwa kwa siku mbili na mwenyewe akaambiwa achukue boriti zake. Basi mpangaji wa kiwanja hujenga kwa udongo, hata kama fedha ya kujengea kwa mawe anayo. Na hapo huzaliwa duara ambalo, kwa maoni yangu, ndilo dhuluma kubwa katika habari hii yote. Mhamiaji huambiwa: usijenge kwa mawe, kwa maana wewe ni mpita njia. Hujenga kwa udongo. Miaka hamsini baadaye huja mtu mwingine na karatasi mkononi, akitazama ukuta, na kusema: tazameni alivyojenga, huyu ni mpita njia. Unyonge aliolazimishwa kuuvaa ukawa ushahidi wa kumhukumu.

Watu wa Ng'ambo waliliona duara hili mapema. Zamani wengi wa wenye ardhi hawakutoza kodi. Walitosheka na heshima na utii wa wale waliokaa juu ya ardhi yao, na baadhi yao waliweka viwanja wakfu kwa watumwa waliowaacha huru. Ila mji ulipokua, viwanja vikapata thamani, na katika miaka ya 1920 kodi zikapanda. Mwaka 1928 watu wakagoma kulipa. Hawakuwa mabwana wakubwa wala wasomi wa sheria. Walikuwa wachukuzi na wafuaji na mafundi, na wanawake wengi miongoni mwao. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuifahamu: kuta ni zetu, paa ni letu, tumejenga na kutengeneza wenyewe, mwenye kiwanja amefanya nini hata kodi ipande? Serikali ya himaya ilishtuka, ikatunga sheria ya kuzuia kodi za viwanja zisipandishwe ovyo.

Haifai tumsikilize mgomaji peke yake. Mwenye kiwanja naye ana neno, na si neno la kipuuzi. Atasema: ardhi hii niliinunua, au nilirithi kwa baba yangu, ikiwa kila aliyesimamisha nguzo amekuwa mwenyewe, basi hapana mali tena duniani, na mwenye nguvu ya kujenga usiku atamnyang'anya aliyelala. Ni kweli. Kujenga peke yake hakuzai haki. Lakini yupo aliyeingia kwa siri, na yupo aliyeitwa. Mtu wa Ng'ambo hakuingia kwa siri. Mji ulimtaka achukue mizigo ya pembe na karafuu, apakie majahazi, ajenge majumba yale yale ya mawe, apike na kufua. Amwitaye mchukuzi ameita pia kitanda cha mchukuzi, na mke wake, na mtoto, na mahali pa kumzika. Haiwezekani kuita mikono ije mjini na kuitaka miili ikae nje. Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huitumia methali hii kumhimiza mgeni asiwe mvivu. Mimi husikia ndani yake ahadi ya mwenyeji pia, kwa sababu jembe halilimi hewani. Aliyempa mgeni jembe amempa na udongo wa kulilimia, ama sivyo amemdhihaki.

Jambo hili si la Unguja tu. Nairobi ulianza kwa reli mwaka 1899, na tangu mwanzo waliokuja kufanya kazi walijenga vijiji vyao pembeni. Kimoja kiliitwa Pangani, kingine Mombasa, kingine Masikini, kingine Kaburini. Katika majina hayo tu waweza kusoma walikotoka, hali waliyokuwa nayo, na wapi waliona njia yao itaishia. Nyumba zao zilikuwa za mpango ule ule wa pwani, zenye ukumbi na vyumba huku na huku, ingawa wengi wa waliojenga hawakupata kuiona bahari. Wengi wa wenye nyumba walikuwa wanawake waliotoka mashambani ambako hawakuwa na sehemu katika ardhi ya baba wala ya mume. Mjini waliweza kusema, hii ni nyumba yangu. Vijiji vilivunjwa kimoja baada ya kimoja, na watu wakaelekezwa Pumwani, mtaa uliopimwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Pangani ilidumu hata mwaka 1939, kisha ikavunjwa nayo. Waliohamishwa walipelekwa katika nyumba za matofali zilizojengwa na manispaa, imara kuliko walizoziacha, lakini mwenye nyumba sasa akawa manispaa. Mtaa huo ukaitwa Shauri Moyo. Sijui jina la mtaa lililobeba manung'uniko kwa adabu zaidi ya hilo.

Kibera ni habari ndefu zaidi. Askari wa Kisudani waliolitumikia jeshi la Waingereza walikaa katika msitu ule tangu miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini, na mwaka 1918 ardhi zaidi ya ekari 4,000 ikatangazwa kuwa ya jeshi. Walikaa kwa ruhusa; hawakupewa hati, na ruhusa ya kujenga nyumba za kudumu walinyimwa. Wakajenga kwa udongo na mabati, miaka mia. Hatimaye mwaka 2017 watu wa Kinubi walikabidhiwa hati ya ekari 288. Ni haki iliyochelewa na kupungua njiani, lakini ni haki.

Hapa ndipo hoja yangu mwenyewe inaponigeukia, wala sina budi kuifuata inakokwenda. Kibera ya leo haikaliwi na Wanubi peke yao. Wamo Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii na wengine wengi, na walio wengi ni wapangaji wa vyumba. Baadhi yao wamekaa humo maisha yao yote. Ikiwa Mnubi amekuwa mwenyeji kwa kukaa na kujenga na kuzika, tutamwambia nini mpangaji aliyekaa na kuzaa, na asiyepata kujenga kwa kuwa alikuta pamekwisha jengwa? Mhamiaji wa kwanza akishapata hati, hukaa juu ya baraza yake na kumtazama mhamiaji wa pili kama alivyotazamwa yeye. Neno 'mwenyeji' lenyewe ni mwenye mji. Na mji ukishakuwa na mwenyewe, kila ajaye nyuma ni mgeni. Sioni kwamba hili linaivunja haki ya aliyetangulia. Ila linamdai. Aliyeshinda kwa hoja ya jasho hawezi kumjibu mpangaji wake kwa hoja ya karatasi tupu, asije akaonekana amesimama mahali pale pale aliposimama mwenye kiwanja mwaka 1928.

Turudi Unguja. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ardhi ilifanywa mali ya Serikali, na kodi ya kiwanja iliyoumiza Ng'ambo ikaondoka. Kisha ukaja mpango wa kuondoa na vibanda vyenyewe. Wataalamu kutoka Ujerumani ya Mashariki walichora mji mpya mwaka 1968, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 yakaanza kuinuka Michenzani majumba ya saruji ya ghorofa nyingi, mengine yakifikia urefu wa karibu mita 300, yakakata katikati ya mitaa ya zamani katika umbo la msalaba. Nyumba nyingi za udongo zilivunjwa ili yapite. Rais Abeid Amani Karume, aliyeyatamani sana, aliuawa Aprili 1972 kazi haijafika mbali, na sehemu kubwa ya mpango haikujengwa.

Wapo wasomi wanaoyacheka majumba haya. Siwezi kuungana nao kwa moyo wote. Mtu ambaye babu yake aliitwa mtumwa alipewa nyumba ya mawe, yenye umeme na bomba, katikati ya mji, wala hakudaiwa kodi ya kiwanja. Anayelicheka jambo hilo hajawahi kutengeneza makuti yaliyovuja katika masika. Tena majumba ya mawe upande wa pili nayo hayakuwa ya milele kama yalivyojisifu: Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 kuonyesha utukufu wa sultani, liliporomoka sehemu yake Desemba 2020.

Hata hivyo jambo moja lilikosekana Michenzani, nalo halikuwa la saruji. Watu walipewa nyumba. Hawakuulizwa mpango wake. Mchoro ulitoka katika nchi ambayo watu hukaa ndani na kufunga mlango. Hapakuwa na uwa, na kwa kuku na kinu na majirani wa uwani hapakuwa na mahali. Mzee wa ghorofa ya tano alikuwa mbali na salamu za njia. Mtu aliyejijengea kwa miaka sabini, akaamua mwenyewe mlango utazame wapi na mgeni alale chumba gani, aligeuzwa kuwa mtu wa kupokea. Ukarimu una dhuluma yake ndogo, usipomwuliza anayekirimiwa anakula nini.

Lakini watu hawakukaa hivyo tu. Tazama chini ya majumba yale jioni. Kando ya kuta ndefu zimejengwa baraza za saruji, fupi, zisizolingana, kila moja kwa mkono wa waliokaa karibu nayo. Zimefunguliwa genge na duka na meza ya kahawa. Bao linachezwa chini ya ngazi. Hakuna hata moja ya hizi iliyokuwamo katika mchoro wa mwaka 1968. Wamezijenga wale wale, au watoto wao, kama walivyojenga zamani upande ule wa maji, na apitaye hutoa salamu akakaa.